Leseni Kwanza, Dawa Baadaye: Shahada ya Kusomea Tiba Zinazobadili Fahamu



Fordsburg ni mtaa mkongwe ulio magharibi mwa kitovu cha Johannesburg, Afrika Kusini. Ni mtaa wa misikiti, wa maduka ya vitambaa na viungo, na wa jengo kubwa la Oriental Plaza, lililojengwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi waliohamishwa kwa nguvu kutoka Pageview chini ya sheria za ubaguzi wa rangi. Hapo, na katika mtaa jirani wa Mayfair, Kiswahili si lugha ngeni. Husemwa na Watanzania, Wakenya, Wakongo wa mashariki, na Wasomali waliokulia Kenya kabla ya kushuka kusini. Mwendo mfupi kutoka hapo, ng'ambo ya reli, kipo Chuo Kikuu cha Witwatersrand, ambacho wenyeji hukiita Wits.

Vijana wa mitaa hii wanaomaliza sekondari husikia, kama wanavyosikia wenzao wa Dar es Salaam, Mombasa, Muscat au Toronto, habari za tiba mpya ya magonjwa ya akili: tiba itumiayo dawa zinazobadili fahamu, ambazo wataalamu huziita saikedeliki. Vijana wengi wanavijua vidonda ambavyo tiba hiyo inasemekana huviponya. Majumbani mwao wapo waliokimbia vita vya Kivu na Mogadishu, na wapo walioshuhudia maduka ya wageni yakivunjwa katika ghasia za mwaka 2008 na zile za 2015. Basi kijana huuliza asome shahada gani ili aifanye kazi hiyo. Ni swali la haki, na linastahili jibu lisilo na mzaha wala ndoto.

Ni vyema kwanza kufahamu tiba yenyewe imefika wapi. Dawa zinazotajwa zaidi ni silosibini, inayopatikana katika aina fulani za uyoga. MDMA na LSD, zinazotengenezwa katika maabara. Na ibogaini, itokayo katika mzizi wa iboga, mmea wa Gabon na nchi jirani unaotumika tangu zamani katika ibada za Bwiti. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 uliziweka LSD na silosibini katika kundi linalodhibitiwa vikali kuliko yote, na utafiti ukazorota kwa miongo kadhaa. Mwaka 2006 Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani kilichapisha utafiti wa silosibini uliofungua njia kwa tafiti nyingi zilizofuata. Tarehe 1 Julai 2023, Australia iliwaruhusu madaktari bingwa wa magonjwa ya akili waliopewa idhini maalumu kutumia MDMA kwa wagonjwa wa kiwewe, na silosibini kwa wagonjwa wa sonona isiyosikia dawa nyingine. Lakini Agosti 2024, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilikataa kuiidhinisha MDMA na kutaka jaribio jingine lifanywe. Nchini Afrika Kusini, silosibini imo katika Daraja la 7 la dawa. Daktari hawezi kumwandikia mgonjwa kama anavyoandika dawa nyingine, na hata utafiti wake unahitaji kibali maalumu.

Kwa hiyo, anayechagua shahada leo anachagua kwa ajili ya wakati ambao sheria zake hazijulikani. Huenda milango ikafunguliwa, huenda ikabaki nusu wazi kwa miaka mingi. Hapo ndipo penye shina la jibu: mwanafunzi asichague dawa, achague leseni. Dawa hizi zikiruhusiwa, zitawekwa mikononi mwa watu ambao tayari wanaaminiwa na sheria kuwahudumia wagonjwa. Zisiporuhusiwa, watu hao watabaki na kazi yenye heshima na yenye wahitaji wengi.

Historia yenyewe inaonyesha kwamba waliotangulia hawakupitia mlango mmoja. Albert Hofmann, aliyegundua athari za LSD mwaka 1943 nchini Uswisi, alikuwa mkemia. Roland Griffiths, aliyeongoza utafiti wa Johns Hopkins hadi alipofariki mwaka 2023, alisomea saikolojia na famakolojia. Rick Doblin, aliyeanzisha shirika la MAPS mwaka 1986 ili kupigania utafiti wa MDMA, ana shahada ya uzamivu ya sera za umma kutoka Harvard. Kila mmoja alishika fani iliyosimama kwa miguu yake, kisha akaielekeza kwenye dawa hizi.

Mlango wa kwanza ni saikolojia. Nchini Afrika Kusini, mwanasaikolojia wa tiba husoma shahada ya kwanza miaka mitatu, mwaka mmoja wa Honours, kisha uzamili unaofuatiwa na mwaka wa mazoezi kazini, na hatimaye mwaka mmoja wa utumishi kwa jamii. Jumla ni miaka saba kwa uchache, naye husajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Afya, HPCSA. Ieleweke kwamba mlango huu una kizingiti kirefu, kwani nafasi za uzamili wa saikolojia ya tiba ni chache mno na waombaji ni mamia. Wengi wenye shahada ya kwanza ya saikolojia hukwama hapo, wakiwa na cheti kizuri lakini bila leseni ya kumtibu mtu.

Mlango wa pili ni udaktari. Wits husomesha udaktari kwa miaka sita, na humpokea pia mwenye shahada nyingine kwa masomo ya miaka minne. Baada ya hapo ipo miaka miwili ya mafunzo hospitalini, mmoja wa utumishi, na mingine minne au zaidi ya ubingwa wa magonjwa ya akili. Ni safari ndefu kuliko zote, lakini ndiyo inayompa mtu mamlaka ya kuandika dawa. Uamuzi wa Australia uliwapa kalamu madaktari hao bingwa na si wengine.

Ipo milango mingine ambayo vijana huidharau bila sababu. Ustawi wa jamii ni shahada ya miaka minne, na mhitimu husajiliwa na baraza lake mara amalizapo. Uuguzi, hasa wa magonjwa ya akili, humfundisha mtu kukaa na mgonjwa saa nyingi bila kuchoka wala kuogopa. Na kikao kimoja cha silosibini huchukua takriban saa sita hadi nane. Mfamasia naye husoma miaka minne, kisha mwaka wa mafunzo na mwaka wa utumishi, na hapana jaribio la dawa liwezalo kuendeshwa bila yeye.

Kwa anayependa utafiti kuliko kumhudumia mgonjwa, zipo kemia, botania, sayansi ya ubongo na anthropolojia. Bara la Afrika lina mengi ya kuchunguzwa kwa adabu. Miongoni mwa Waxhosa zipo dawa za mizizi ziitwazo ubulawu, zinazotumiwa na waganga kuzifanya ndoto ziwe wazi. Na mjini Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Muhimbili kina taasisi nzima ya tiba asilia. Lakini mwanasayansi wa Afrika Kusini hawezi kusahau kisa kimoja. Ushahidi uliotolewa mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano mwaka 1998 ulieleza jinsi kampuni ya siri ya jeshi la utawala wa makaburu, Delta G Scientific, ilivyotengeneza MDMA kwa wingi. Waliofanya hivyo walikuwa wasomi wa kemia. Shahada walikuwa nayo. Kilichokosekana ni cha kuizuia isiuzwe kwa uovu.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini leseni isisitizwe kiasi hiki. Jibu lipo Johannesburg penyewe. Mwaka 2015 na 2016, serikali ya jimbo la Gauteng iliwahamisha wagonjwa wa akili zaidi ya elfu moja kutoka vituo vya Life Esidimeni na kuwapeleka kwenye mashirika madogo. Uchunguzi wa mwaka 2017 ulibaini kwamba leseni za mashirika 27 yaliyowapokea wagonjwa hazikuwa halali. Wagonjwa 144 walifariki, wengine kwa njaa na kiu. Leseni si karatasi ya kutundika ukutani. Ni ahadi kwamba yupo wa kuulizwa mgonjwa anapodhurika.

Katika tiba hizi ahadi hiyo ni nzito zaidi, kwa sababu mgonjwa aliyemeza dawa inayobadili fahamu hawezi kujitetea. Nchini Kanada, mshiriki mmoja wa jaribio la MDMA alieleza hadharani jinsi alivyodhalilishwa na mmoja wa waliomhudumia, ambaye hakuwa na leseni ya saikolojia wakati ule. Agosti 2024, jarida la kisayansi la Psychopharmacology liliziondoa makala tatu za tafiti zilizotumia takwimu za kituo kile.

Kwa sababu hiyo, vijana na wajihadhari na njia za mkato. Jimbo la Oregon, Marekani, lilianza mwaka 2023 kuwaruhusu wasimamizi wa vikao vya silosibini wenye cheti cha sekondari na mafunzo yaliyoidhinishwa na jimbo. Cheti hicho kina nguvu Oregon. Hakina nguvu Johannesburg, Nairobi wala Zanzibar. Kozi za intaneti za miezi michache humfaa aliye na leseni tayari. Asiye nayo humwachia deni tu. Na anayejifunza kwa siri, nje ya sheria, anaweza kufungwa jela, na kwa mgeni huenda hilo likamgharimu hata kibali cha kuishi nchini.

Wazee wengi wa Fordsburg watauliza kama jambo hili si ulevi uliobadilishwa jina. Ni swali la kuheshimiwa, na aliyesoma anaweza kulijibu kwa mfano wa ketamini. Dawa hiyo ya usingizi hutumika katika hospitali za wilaya kote Afrika Mashariki, nayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ni dawa ileile ambayo hivi leo hutumika kihalali, chini ya daktari, kuwatuliza baadhi ya wagonjwa wa sonona kali; na jamaa yake, esketamini, iliidhinishwa na FDA mwaka 2019. Mikononi mwa muuza dawa wa mitaani ni sumu, mikononi mwa mwenye leseni ni tiba. Na anayetaka kuanza kazi hii bila kungoja sheria mpya, ketamini ndiyo njia iliyo wazi.

Yapo pia mambo ya karatasi yanayopaswa kuulizwa mapema. Itifaki ya Elimu ya SADC ya mwaka 1997 inazitaka nchi wanachama ziwatoze wanafunzi wa jumuiya hiyo ada sawa na wenyeji, na vyuo vingi vya umma vya Afrika Kusini hufanya hivyo, ingawa huongeza ada ya usajili. Tanzania na Kongo zimo SADC. Kenya, Uganda na Somalia hazimo, na tofauti ya ada huwa kubwa. Vyeti vya nje huhitaji kuthibitishwa na mamlaka ya SAQA. Mwomba hifadhi asikubali kuambiwa kwamba hawezi kusoma, kwani Mahakama Kuu ya Rufaa iliamua mwaka 2003 kwamba marufuku ya jumla dhidi ya waomba hifadhi kufanya kazi na kusoma haikuwa halali. Mkimbizi anaweza pia kuomba ufadhili wa DAFI kupitia UNHCR. Hata hivyo, nafasi za mafunzo katika hospitali za serikali huwaangukia raia kwanza, hivyo ni busara kuliuliza baraza husika kabla ya kulipa ada ya mwaka wa kwanza. Na aliyefungwa na kazi ya duka anaweza kuanza saikolojia kwa njia ya mtandao katika chuo cha Unisa.

Mwisho, kijana wa Fordsburg anayesema Kiswahili ana mtaji ambao vyuo haviuzi. Uchunguzi wa tafiti 18 za saikedeliki zilizofanywa kati ya 1993 na 2017, zenye washiriki 282, ulionyesha kwamba asilimia 82 ya washiriki hao walikuwa wazungu. Dawa hizi zimepimwa kwa watu wachache wa aina moja, na maongezi ya kumwandaa mgonjwa, ambayo ndiyo nusu ya tiba, yameandikwa kwa lugha zao. Mama aliyetoka Bukavu hasemi kwamba ana kiwewe. Husema moyo unamwenda mbio, usingizi umempotea, na waliokufa humjia. Anayeyaelewa maneno hayo bila mkalimani anahitajika leo, dawa mpya ziwepo au zisiwepo. Hapo Braamfontein, Kituo cha Utafiti wa Ukatili na Maridhiano, CSVR, kilichoanzishwa mwaka 1989, huwahudumia wakimbizi na walioteswa kwa mazungumzo tu.

Kipimo cha uchaguzi, basi, ni kimoja. Mwanafunzi ajiulize: ikiwa sheria haitabadilika katika umri wake wote, je, atairidhia kazi ya kila siku ya mwanasaikolojia, muuguzi, daktari au mfamasia? Akijibu ndiyo, shahada hiyo ndiyo yake, na siku milango ikifunguliwa atakutwa amesimama mbele. Akijibu hapana, basi alichokipenda ni dawa. Wagonjwa bado hajawafikiria.