Jinsi Moshi wa Viwanda Uoshwavyo kwa Maji
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Huenda wengine watauliza: Sisi ni makarani, kazi yetu ni kalamu, faili na daftari, mitambo ya kuoshea moshi yatuhusu nini? Naomba mnivumilie, kwa maana nataraji kuwaonyesha ya kuwa habari hii, ingawa yaanza katika bomba la kiwanda, mwisho wake ni mezani pa karani.

Kila mtu aliyekulia katika nyumba yenye sakafu ya udongo amemwona mama akinyunyiza maji kabla ya kufagia. Hufanya hivyo ili vumbi lisiruke likaingia katika chakula na vifuani mwa watoto. Maji hulikamata vumbi, nalo likiisha kulowa huwa zito, haliwezi kupaa. Mvua nayo hufanya vivyo hivyo: ikinyesha baada ya kiangazi, hewa yote hutakata. Hii ndiyo asili ya elimu ya kuosha moshi. Walichoongeza mafundi ni kujua matone yawe madogo kiasi gani, yachanganywe na dawa gani, na moshi ukutane nayo kwa njia gani.

Sasa nitawaeleza jinsi elimu hiyo ilivyoingia viwandani. Sisi magadi tunayo: Ziwa Magadi liko Kenya, na Ziwa Natron liko Tanzania. Lakini huko Ulaya magadi ya asili yalikuwa haba, nayo yalihitajiwa sana kwa kufanyia sabuni na vioo. Mwaka 1791 Mfaransa mmoja, Nicolas Leblanc, alipewa hati ya uvumbuzi wa kufanya magadi kwa chumvi. Chumvi ilichanganywa na tindikali ya kiberiti ikapashwa moto, na hapo ilitoka gesi kali ambayo ikikutana na unyevu huwa tindikali ya chumvi. Wenye viwanda hawakuwa na haja nayo, wakaiachilia angani.

Matokeo yake yalionekana wazi katika Uingereza, hasa katika miji ya St Helens na Widnes. Miti ilikauka, nyua za miti zikafa, mazao ya wakulima yakanyauka, na vyuma vikaliwa na kutu. Watu walipolalamika, wenye viwanda walijenga mabomba marefu zaidi. Kiwanda cha St Rollox katika mji wa Glasgow kilijenga bomba lililokwisha mwaka 1842, urefu wake futi 435. Lakini moshi uliopanda juu sana haukupotea. Ulishuka katika shamba la mtu mwingine. Hiyo haikuwa dawa, bali ilikuwa kumpelekea jirani wa mbali taabu ya jirani wa karibu.

Ilhali dawa yenyewe ilikwisha kuonekana. Mwaka 1836 bwana William Gossage, mwenye kiwanda cha magadi huko Stoke Prior, alikitwaa kinu cha upepo kilichokuwa kimeachwa, akakijaza matawi na vichaka vya miiba, akaachilia maji yatiririke kutoka juu, na gesi akaipitisha mumo humo. Gesi ile hupenda maji sana. Ilipoyagusa iliyeyuka ndani yake, na hewa iliyotoka ilikuwa imepungukiwa na ukali wake. Angalieni kazi ya matawi. Maji yaliyomo ndani ya pipa yana uso mmoja tu, ule wa juu. Lakini maji yaliyotandaa juu ya maelfu ya vijiti yana uso mpana kama kiwanja, na gesi hukutana nayo kila inapogeuka. Siri ya mtambo huu, basi, si wingi wa maji tu, bali ni upana wa uso wake.

Je, wenye viwanda waliupokea mtambo huo mara moja? La. Kuujenga kulikuwa na gharama, wala hapakuwa na aliyewalazimisha. Miaka 27 ilipita. Mwaka 1863 Bunge la Uingereza lilitunga sheria kwamba kila kiwanda cha magadi kizuie sehemu zisizopungua 95 katika kila 100 za gesi ile. Na tena, jambo ambalo nataka mlishike sana, sheria ile iliweka mkaguzi wa Serikali. Wa kwanza alikuwa Robert Angus Smith, mtaalamu wa kemia, pamoja na wasaidizi wanne. Hawakuridhika kuutazama moshi kwa macho. Waliingia viwandani, wakatwaa hewa ya ndani ya mabomba, wakaipima, na kuandika. Kwa muda mfupi minara ya kuoshea ikaenea. Mwaka 1874 sheria ikakazwa, kwa kuwa sehemu 5 za kiwanda kikubwa zaweza kuwa nyingi kuliko sehemu 50 za kiwanda kidogo. Tangu hapo kikawekwa kipimo cha tindikali iliyoruhusiwa katika kila futi ya hewa itokayo.

Lakini hapa, ndugu zangu, ndipo penye fundisho. Gesi ilipotoka katika hewa ilikwenda wapi? Ilikwenda majini. Minara ilitoa tindikali, na nyingi ilimwagwa katika vijito. Kijito cha Sankey, kipitacho St Helens, kiliharibika. Tena tindikali hiyo ilipokutana na malundo ya takataka za viwanda vile vile, yaliyokuwa na kiberiti, ilitoka gesi nyingine yenye harufu ya mayai yaliyooza. Wakaguzi walikuwa wamewekewa sheria ya hewa. Maji hayakuwamo katika hesabu yao. Nafuu iliongezeka tindikali ilipopata kazi: katika miaka ya 1860 na kuendelea, Walter Weldon na Henry Deacon walionyesha njia za kutoa klorini katika tindikali hiyo, nayo ikatumika kufanya unga wa kung'arisha nguo za pamba na karatasi. Kilichotupwa kikawa bidhaa, na mwenye bidhaa haimwagi mtoni.

Mitambo ya siku hizi ni ya namna nyingi, lakini nitataja tatu. Ya kwanza ni mnara mtupu ambamo maji hunyunyizwa kama mvua, na moshi hupanda kukutana nayo. Ya pili ni mnara uliojazwa vipande vya udongo wa kuchoma au vya plastiki, ambavyo vyafanya kazi ya matawi ya Gossage. Ya tatu ni bomba lenye koo jembamba. Moshi upitapo kooni huenda mbio kuliko upepo wa tufani, huyapasua maji yakawa matone madogo mno, na vumbi huyagonga. Hii yafaa kwa vumbi laini. Maana chembe kubwa hugonga tone kwa uzito wake, bali chembe ndogo sana hulizunguka tone pamoja na hewa, kama jani lizungukavyo jiwe mtoni. Mbio zile hutaka mashine zenye nguvu, na nguvu ni fedha. Baada ya kuoshwa, moshi hupitishwa katika vizuizi vya kunasa matone, ili maji machafu yasitoke pamoja nao.

Wala maji matupu hayatoshi kwa kila gesi. Gesi ya kiberiti itokayo katika makaa ya mawe hutaka maji yaliyotiwa chokaa au unga wa mawe ya chokaa. Huko hugeuka kuwa jasi, ambayo hutumika kufanyia mbao za kuta za nyumba. Nyingine, kama ile gesi ya mkaa iuayo watu waliolala na jiko katika chumba kilichofungwa, hupita majini bila kukamatwa. Wako wadhanio kwamba moshi wa kiko cha maji hauna madhara kwa sababu umepita majini. Sivyo. Moshi hupita kwa mapovu makubwa, kwa nukta chache, na gesi hiyo ya mkaa imo ndani yake. Kupita majini si kuoshwa.

Tena mtambo uliopo si lazima uwe mtambo ufanyao kazi. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, katika mji wa Bhopal huko Bara Hindi, tani kama 40 za gesi ya sumu zilitoka katika kiwanda cha dawa za kuulia wadudu. Watu zaidi ya 2,000 walikufa katika siku za kwanza, na maelfu wengine baadaye. Kiwanda kile kilikuwa na mnara wa kuoshea gesi kwa maji ya magadi makali. Lakini ulikuwa umewekwa kando usiendeshwe. Na hata kama ungaliendeshwa, haukujengwa kwa gesi nyingi namna ile. Katika orodha ya vyombo ulikuwapo. Katika saa ya haja ulikuwa kama haupo.

Jambo hili si la nchi za mbali tu. Tangu tarehe 1 Januari 2020, kwa mapatano ya mataifa, mafuta ya meli yasiwe na kiberiti zaidi ya sehemu 0.50 katika 100. Kabla ya hapo ilikuwa 3.50. Mwenye meli aweza kuendelea na mafuta ya zamani akiweka mtambo wa kuoshea moshi. Mingine ya mitambo hiyo huvuta maji ya bahari, huosha moshi, na kuyarudisha baharini pamoja na uchafu wake. Bandari kadhaa, kama Singapore na Fujairah katika Ghuba ya Oman, zimekataza maji hayo yasimwagwe kwao. Nasi watu wa pwani, tunaokula samaki, yatupasa kulielewa neno hili. Kijito cha Sankey na bahari kuu vina hesabu moja.

Basi, Bwana Mwenyekiti, namalizia. Maji hayaangamizi uchafu wa hewa, huuhamisha tu. Kwa hiyo mahali popote penye mtambo wa namna hii, karani aliyekabidhiwa taarifa zake na aulize mambo manne: Uchafu uliingia kiasi gani? Ulitoka kiasi gani juu ya bomba? Maji na tope vimepelekwa wapi, na nani aliyevipokea? Na mtambo uliendeshwa siku ngapi, wala si ulikuwapo siku ngapi? Hesabu isiyolingana pande zote mbili haijafungwa, hata ikiwa imetiwa sahihi na mkubwa.

Wazee wetu walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Na sumu ni vivyo hivyo, ila yenyewe haipotei. Huonekana tena kisimani. Msidharau kalamu zenu, ndugu zangu. Minara ilikuwapo kabla ya sheria ya 1863, lakini miti ya St Helens iliendelea kukauka mpaka alipokuja mtu wa kupima na kuandika.