Nani Analipia Somo la Daktari?

Hotuba kwa wahudumu wa afya na wakazi wa Nyamache



Masomo ya daktari hayaishi siku ya mahafali. Dawa mpya hutoka na matibabu ya zamani hubadilika, ndiyo maana nchini Kenya daktari hukusanya pointi za mafunzo ili leseni yake ihuishwe. Mafunzo hayo yana gharama: ukumbi, mkufunzi, nauli, chakula. Hapo ndipo kampuni ya dawa hubisha hodi na kuahidi kulipa.

Ufadhili huo umewafaa wengi, lakini kampuni iko kwenye biashara. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016 uliangalia madaktari 279,669. Waliokula hata mlo mmoja uliolipiwa na kampuni, mara nyingi wa chini ya dola 20, waliandika dawa ya kampuni hiyo zaidi ya wenzao. Utafiti haukusema kwamba walihongwa. Ulionyesha kuwa mambo haya mawili huenda pamoja.

Mkulima wa majani chai akiandikiwa dawa ya presha kwa jina la kampuni, huenda akalipa zaidi dukani ilhali dawa ileile ipo kwa bei nafuu. Presha hutibiwa miaka na miaka. Pesa zikiisha, dawa huachwa, na kiharusi hakisubiri bonasi.

Kenya imewahi kuweka mpaka. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu vibadala vya maziwa ya mama inazuia watengenezaji kuwapa wahudumu wa afya zawadi. Mwaka 2016, Shirika la Afya Duniani lilishauri kampuni za vyakula vya watoto wachanga zisifadhili mikutano ya wahudumu. Funzo hilo linafaa kwenye dawa pia.

Kwa wahudumu: hospitali ichague mada na mkufunzi, si mfadhili. Anayelipa atajwe kabla ya somo kuanza. Dawa iandikwe kwa jina lake halisi, si la kampuni.

Kwa wananchi: usiache dawa kwa uamuzi wako. Uliza tu, kwa heshima: "Daktari, kuna ya bei nafuu inayofanya kazi hiyohiyo?"

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Dawa nzuri itetewe na ushahidi, si na chakula cha mchana.