Waliovunja sanamu waliachiwa na majirani. Sisi huachiwa na nani?

(Mada iliyotolewa na mwandishi wetu wa kujitegemea mbele ya vijana wa Mombo, mkoani Tanga)



Nimeombwa nizungumze juu ya mahakama. Nilimwambia mwenyekiti kwamba mimi si wakili, ni kijana wa kidato cha nne ninayeuza habari magazetini. Akanijibu kwamba mawakili wakija hapa hatuwaelewi. Basi nimekuja. Nikiteleza, nisahihisheni.

Mada hii imezaliwa hapa hapa kijiweni. Kijana mmoja alikuwa na picha kwenye simu: umati wa Wazungu wanavuta sanamu kwa kamba, inaanguka, wanaibingirisha barabarani, wanaitosa majini. Akasema waliofanya hivyo walishtakiwa wakaachiwa. Kijiwe kizima kikamcheka. Mtu avunje mali ya halmashauri mchana kweupe, kamera imemnasa, naye hakatai, halafu aachiwe? Porojo!

Wagoshi, si porojo. Na kama mnataka kujua kwa nini kesi ya mbali vile inatuhusu sisi wa Mombo, nivumilieni kidogo.

KESI YA BRISTOL

Bristol ni mji wa bandari Uingereza. Katikati yake ilisimama tangu 1895 sanamu ya Edward Colston, tajiri aliyejenga shule na kusaidia maskini. Utajiri wenyewe ulitoka wapi? Colston alikuwa mmoja wa wakubwa wa Kampuni ya Kifalme ya Afrika, iliyosafirisha watumwa kutoka Afrika Magharibi. Katika miaka aliyokuwa humo, kampuni hiyo ilichukua watu zaidi ya 80,000, na wapatao 19,000 walifia njiani, miili ikatupwa baharini.

Kwa miaka mingi watu wa mji ule waliomba sanamu iondolewe, au angalau iwekwe kibao kinachosema ukweli wote. Vikao vikakaa, maneno ya kibao yakabishaniwa, kibao hakikuwekwa. Juni 7, 2020, baada ya George Floyd kuuawa na polisi Marekani, waandamanaji waliifunga kamba wakaivuta. Vijana wanne wakashtakiwa kwa kuharibu mali.

Kesi ilianza Desemba 2021. Hapo ndipo penye siri. Kule, katika kesi kama ile, mwenye kuamua una hatia au huna si jaji. Ni juri: raia kumi na wawili waliookotwa kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha ya wapiga kura. Labda fundi bomba, labda muuguzi, labda dereva wa basi. Jaji anawaeleza sheria, wao wanaingia chumbani, wanafunga mlango, wanashauriana. Wakitoka na neno "hana hatia", limekwisha. Hawaulizwi sababu.

Washtakiwa hawakukana kamba. Walisema kwamba sanamu ile yenyewe ilikuwa tusi kwa watu weusi wa mji ule, na kwamba kuiacha imesimama ndiyo ilikuwa kosa. Mwanahistoria David Olusoga aliitwa kueleza Colston alikuwa nani. Januari 5, 2022 raia wale wakatoka: kumi na mmoja dhidi ya mmoja, hawana hatia.

Serikali ilikasirika. Mwanasheria Mkuu wa kule alipeleka hoja Mahakama ya Rufani, nayo Septemba 2022 ikasema kwamba mtu aliyeharibu mali kwa kiasi kikubwa asijifiche tena nyuma ya haki ya kuandamana. Mwaka huo huo Bunge lao lilipitisha sheria ya kufungua mlango wa kifungo cha hadi miaka kumi kwa anayeharibu kumbukumbu, hata iwe ya thamani ndogo. Lakini angalieni jambo moja: wale wanne hawakuguswa. Serikali yenye polisi, jeshi na Bunge haikuweza kulifuta neno la majirani kumi na wawili.

Na nguvu hiyo hawakupewa bure. Mwaka 1670 kule London juri ilikataa kumtia hatiani William Penn, aliyeshtakiwa kwa kuhubiri barabarani. Wakafungiwa usiku kucha bila chakula wala maji ili wabadili uamuzi. Wakagoma. Wakapigwa faini, waliokataa kulipa wakatupwa jela. Mmoja wao, Bushel, akafungua kesi, na jaji mkuu akaamua kwamba mwanajuri haadhibiwi kwa uamuzi wake. Tangu hapo mlango ule ukifungwa, mkubwa anabaki nje.

SANAMU ILIYOTOKA KWETU

Msidhani sanamu ni mambo ya Ulaya tu. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann. Juu amesimama bwana mkubwa na upanga. Chini yake askari Mwafrika anamtazama kama mtoto amtazamavyo baba.

Wissmann ndiye aliyeletwa 1889 kuizima vita ya Abushiri. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani Desemba 15, 1889. Pangani si mbali, maji ya mto huu huu unaopita bondeni kwetu ndiyo yanayomwagika pale. Baada ya pwani kuzimwa, njia ya kuja bara ikawa wazi. Lushoto ikaitwa Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao. Reli ikapanda kutoka Tanga, ikafika hapa Mombo mwaka 1905.

Waingereza waliposhika nchi waliing'oa sanamu ile, na 1922 ikasimamishwa tena Hamburg, Ujerumani, mbele ya chuo kikuu. Mwaka 1967 wanafunzi wa chuo hicho waliivuta chini. Ikarudishwa. Mwaka 1968 wakaivuta tena, na safari hii haikurudi. Vijana wa Kijerumani walimwangusha mtu aliyemnyonga Abushiri, na sisi huku darasani hatukuambiwa.

Sasa kaka mmoja ataniuliza: kwa hiyo unatuambia tukavunje? La hasha. Nasema tuulize swali lililo chini ya sanamu: nani anayehukumu?

UPANGA WENYE MAKALI MAWILI

Kabla hatujaishangilia juri, twende Kenya. Wakoloni walileta juri kule pia, lakini kwa ajili yao wenyewe. Mzungu akishtakiwa, alihukumiwa na Wazungu wenzake. Mwafrika akishtakiwa, alipewa jaji Mzungu na wazee wa baraza ambao jaji hakulazimika kuwasikiliza.

Mwaka 1911 mlowezi Galbraith Cole, mtoto wa lodi, alimpiga risasi Mwafrika aliyemshuku kwa wizi wa kondoo, akamuua. Hakukana. Juri ya walowezi wenzake ikamwachia! Ilibidi wakubwa wamfukuze nchini kwa amri ya gavana, maana mahakamani alikwishatoka salama. Mwaka 1923 mlowezi mwingine wa Molo alishtakiwa kwa kumpiga mfanyakazi wake, Kitosh, mpaka akafa. Juri ya Wazungu ikasema hayo si mauaji, ni kujeruhi tu. Akafungwa miaka miwili.

Mnaona? Mlango ule ule uliowaokoa vijana wa Bristol ndio uliowaokoa wauaji wa Kenya. Tofauti ni moja: nani ameitwa kukaa ndani. Juri ya upande mmoja ni genge. Juri iliyookotwa kwa bahati nasibu, tajiri na mchuuzi, mwanamke na mwanamume, ndiyo inaweza kuitwa mahakama ya raia.

Na tusijidanganye sisi wa mageuzi. Leo kijana wetu kavunja jiwe la msingi la mkubwa fulani, tunataka majirani wamwachie. Kesho kijana wa chama tawala kachoma bendera zetu, na mtaani kwake kumi na wawili wote wamevaa kijani. Wakimwachia, tutasemaje? Anayetaka juri lazima awe tayari kuumizwa nayo. Ndiyo maana kule pande zote mbili zinaruhusiwa kumpinga mwanajuri mwenye sababu ya kupendelea, na ndiyo maana watu bado wanabishana juu ya Bristol. Wapo watu waungwana kabisa, wasiompenda Colston hata kidogo, wanaosema kwamba kila mtu akivunja asichokipenda hapatabaki ukuta. Hoja hiyo si ya kipuuzi. Jibu langu ni kwamba wale kumi na wawili hawakusema kila mtu avunje. Walisikiliza kesi moja, ya sanamu moja, ya watu wanne, wakaamua.

HAPA KWETU IKOJE?

Tanzania Bara haina juri. Tuna wazee wa baraza. Mahakama Kuu, katika kesi kubwa kama za mauaji, jaji alikaa nao, wakasikiliza mashahidi, mwisho wakatoa maoni. Maoni, wagoshi! Sheria inasema wazi kwamba jaji hafungwi nayo. Wote wakisema "hana hatia", jaji anaweza kumtia mtu hatiani alimradi ameandika sababu zake. Na marekebisho ya sheria ya miaka ya karibuni yameifanya Mahakama Kuu iweze kuendelea bila wao kabisa.

Kitu ambacho vijana wengi hawakijui ni hiki: katika Mahakama ya Mwanzo, kwa miaka mingi wazee wa baraza walipiga kura sawa na hakimu. Wazee wawili wakikubaliana, hakimu ameshindwa. Kwa hiyo tusidanganywe kwamba raia kuhukumu ni uzungu. Tulikuwa nayo mbegu yake, kwenye kesi za kuku na mipaka ya shamba. Ila kesi ikiwa nzito, ikigusa wakubwa, raia anaombwa akae pembeni.

Kijana wa Mombo akishtakiwa kwa kuharibu mali, atapanda mbele ya hakimu mmoja. Hakimu anaweza kuwa mtu mwadilifu sana, na wapo. Lakini ni mwajiriwa, ana uhamisho, ana kupandishwa cheo. Mwuza mahindi akitoka kwenye juri anarudi kwenye mahindi yake. Hana wa kumhamisha.

KALAMU YA MKUBWA

Sasa nifike panapouma. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 nchi iliwaka. Watu walikufa, mali ya umma na ya watu binafsi ikaharibiwa. Mamia, wengi wao vijana wa rika letu, wakafikishwa mahakamani kwa uhaini. Uhaini hauna dhamana, na adhabu yake ni kunyongwa.

Novemba, Rais akihutubia Bunge, alivitaka vyombo vya sheria viwatazame kwa huruma vijana waliofuata mkumbo. Baada ya hapo Mkurugenzi wa Mashtaka akaanza kufuta kesi, na wengi wakarudi nyumbani. Mama zao walilia kwa furaha, nami sitambeza mama yeyote kwa machozi hayo.

Lakini tuulizane. Walioachiwa waliachiwa na nani? Na kalamu. Hakuna raia aliyeulizwa kama kijana yule alikuwa na hatia au alikuwa anatoka kununua mkate. Kalamu iliyofuta kesi ya huyu ingeweza kuiacha ya yule, na haidaiwi maelezo. Kijana amerudi nyumbani, ndiyo, lakini hakuna aliyemwambia "huna hatia". Amesamehewa kosa ambalo halikuthibitishwa. Msamaha wa namna hiyo ni deni, na mwenye deni hutembea ameinamisha kichwa.

Majirani kumi na wawili wangetenganisha mchele na chuya. Aliyechoma duka la mjane wangemwona. Aliyesimama barabarani na bango wangemwona pia, na wasingewaweka kwenye kapu moja.

TUFANYE NINI?

Moja. Wagoshi, asije mtu akawadanganya kwa video ya Bristol mkavunja jiwe la msingi mkitegemea kuachiwa. Huku hakuna kumi na wawili wanaokusubiri. Aliyekutuma atakuwa kwake amelala, wewe uko rumande.

Mbili. Tunapodai Katiba Mpya tumezoea kutaja Tume ya Uchaguzi na madaraka ya Rais. Sawa. Tuongeze mahakama. Tudai kwamba mtu akishtakiwa kwa kosa la kisiasa linaloweza kumpeleka kitanzini au gerezani miaka mingi, raia waliookotwa kwa bahati nasibu wawe na kura, si maoni.

Tatu. Mahakama ziko wazi. Kesi ya kijana wa mtaani kwako ikitajwa, nenda ukakae kwenye benchi, unyamaze, usikilize. Si juri, lakini hakimu akiinua macho akakuta benchi limejaa, anajua majirani wapo.

Ndugu mwenyekiti, sanamu ya Colston leo imelazwa chali kwenye makumbusho ya mji wake, na rangi ya waandamanaji bado iko mwilini. Watu wanaingia, wanaitazama, wanabishana, wanatoka. Hakuna aliyewakataza kubishana. Nasi tuanze kubishana hapa hapa. Maswali karibu, na mwenye la kunipinga aanze yeye.