Mbuni wa Arabika: Vinasaba Kutoka Kitovuni Hadi Pembezoni

1. Utangulizi

Arabika hulimwa Moshi, Mbinga, Brazil na Colombia, lakini aina zake za zamani katika mashamba hayo ni za ukoo mwembamba sana. Utajiri halisi wa vinasaba vyake umebaki katika misitu ya Ethiopia. Mada hii inaeleza sababu za hali hiyo, na inatetea hoja moja: wingi wa miti si kipimo cha usalama wa zao. Kipimo ni miti hiyo imetoka wapi.

2. Kitovu na safari

Arabika ilitokana na kuchanganyika kwa spishi mbili za mibuni, robusta na eugenioides. Ndiyo maana ina kromosomu 44, wakati spishi nyingine za mibuni zina 22. Maskani yake ya porini ni misitu ya milimani kusini-magharibi mwa Ethiopia, pamoja na mabaki machache katika Uwanda wa Boma, Sudan Kusini, na Mlima Marsabit, Kenya.

Spishi ikikaa mahali kwa muda mrefu na kwa wingi, hulimbikiza tofauti nyingi za vinasaba. Wachache wanaohamia mbali hubeba sehemu ndogo tu ya urithi huo. Kwa arabika, kila safari ilikuwa chekecheke. Mbegu chache zilivuka kwenda Yemen, na chache zaidi zikafika Java mikononi mwa Waholanzi. Mwaka 1706 mche ulipelekwa Amsterdam, na mwaka 1714 mfalme Louis XIV wa Ufaransa akazawadiwa mmoja. Uzao wa miche hiyo ulisambaa Amerika. Wafaransa nao walichukua mbegu Yemen hadi kisiwa cha Bourbon, sasa Réunion. Aina ya Bourbon ndiyo iliyoletwa Afrika Mashariki na wamisionari Wakatoliki.

Gharama ya ukoo mwembamba ilionekana Sri Lanka. Kutu ya majani ilibainika huko mwaka 1869, ikaangamiza kilimo cha kahawa, na wenye mashamba wakahamia kwenye chai.

3. Namna ya kuchavusha

Arabika hujichavusha yenyewe. Kwa hiyo miti ya msitu mmoja hufanana, na tofauti kubwa hupatikana kati ya msitu na msitu. Robusta haiwezi kujichavusha. Inahitaji chavua ya mti mwingine wenye vinasaba tofauti. Hivyo hata miti jirani hutofautiana sana. Juu ya hayo, robusta ya Guinea na ile ya bonde la Kongo ni makundi mawili yaliyo mbali kijenetiki.

4. Pembezoni si pa kudharau

Pembezoni mwa eneo la spishi vinasaba huwa vichache, lakini vinaweza kuwa vya pekee. Chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda mabichi ya kahawa, ulitambuliwa kwanza Kenya mwaka 1922. Miongoni mwa vyanzo muhimu vya ukinzani ni Rume Sudan, mbuni uliotoka Boma. Watafiti wa Kenya waliutumia kuunda Ruiru 11, chotara iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985.

5. Mapendekezo

(i) Misitu yenye mibuni ya porini ilindwe papo hapo. Mbegu za kahawa hazidumu ghalani kwa miaka mingi kama mahindi, hivyo mkusanyiko wake huhifadhiwa kama miti hai shambani.

(ii) Wakusanyaji wa arabika watembelee misitu mingi, hata wakichukua miti michache kila mahali. Kwa robusta, wachukue miti mingi katika kila eneo.

(iii) Mabaki ya Boma na Marsabit yapewe kipaumbele, kwa kuwa ni madogo na moto au shoka vinaweza kuyamaliza haraka.

(iv) Vyama vya ushirika visijaze vitalu vyao aina moja tu. Maafisa ugani nao wawape watafiti taarifa za mibuni ya zamani iliyostahimili magonjwa kabla haijang'olewa.

6. Hitimisho

Mtafiti hawezi kuzalisha ukinzani kwa vinasaba visivyokuwapo. Msitu wa Boma ukitoweka, hakuna shamba la Brazil, hata liwe kubwa kiasi gani, litakaloweza kuufidia.