Picha ya Goti Inaonyesha Nini?



Leo tuzungumze juu ya goti. Tunapiga magoti tukipalilia, tunachuchumaa jikoni, tunapanda vilima na ndoo kichwani. Goti likiuma, kazi inasimama.

Liko jambo linalotusikitisha. Mtu anaumwa goti, anakwenda hospitali, anapigwa picha ya eksirei. Anaambiwa, "Mifupa yako mizima." Akirudi nyumbani, maneno yanaanza: "Aa, huyu anakwepa shamba tu!" Wengine wanasema eti karogwa. Je, ni haki? Hebu tuone kwanza picha ile inaweza kuonyesha nini.

Goti limejengwaje?

Kaa chini, nyoosha mguu, ulegeze. Shika mbele ya goti. Utakuta mfupa mdogo wa mviringo, unaosogea ukiusukuma. Hiyo ndiyo pia ya goti. Juu imeshikwa na misuli ya paja. Chini imefungwa kwa kano kwenye mfupa wa muundi. Ukikunja goti, pia inateleza katika mfereji ulioko mwisho wa mfupa wa paja, kama kamba inavyopita katika kapi la kisima. Kamba ikikaa katikati, kazi ni laini. Ikienda upande, inasugua ukingo, na mwisho huchomoka.

Nyuma ya pia, na ndani ya mfereji ule, kuna gegedu. Mnalijua: ni kile kitu cheupe kinachoteleza kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Gegedu halina mishipa ya damu, kwa hiyo likilika haliponi kwa urahisi.

Eksirei inaona nini?

Mwaka 1895, Mjerumani Wilhelm Röntgen aligundua miali inayopenya mwili. Desemba ya mwaka huo alipiga picha mkono wa mkewe. Mifupa na pete vilionekana wazi, lakini nyama ilikuwa kivuli hafifu tu. Mpaka leo ndivyo ilivyo: eksirei inaona mfupa, gegedu hailioni. Daktari anaona nafasi tu kati ya mifupa. Nafasi ikipungua, anajua gegedu limelika. Lakini gegedu lililoanza tu kuharibika halitajitokeza.

Kwa kuangalia mahali pia ilipokaa, eksirei inasaidia sana, ila ipigwe vizuri. Ikipigwa kwa mbele tu, pia inajificha juu ya kivuli cha mfupa wa paja. Ikipigwa kwa ubavuni, daktari hupima urefu wa pia na urefu wa kano yake. Mwaka 1971 madaktari Insall na Salvati walionyesha kuwa vipimo hivyo viwili hukaribiana. Kano ikiizidi pia kwa zaidi ya sehemu moja ya tano, pia imekaa juu mno, na ni rahisi kuchomoka. Iko pia picha ya tatu, inayopigwa goti likiwa limekunjwa. Hiyo huonyesha mfereji wenyewe, na kama pia imeinama upande wa nje.

Na gegedu je?

Kuliona gegedu lenyewe kunahitaji mashine ya sumaku iitwayo MRI. Mgonjwa hulazwa ndani yake bila kutikisika, nayo hupiga kelele nyingi. Ukipelekwa huko, sema mapema kama una chuma mwilini, kwa mfano kipande cha risasi au kifaa cha moyo. Sumaku ile ina nguvu, inaweza kukudhuru.

Sasa basi, tuuze mbuzi tukapimwe MRI? Si lazima. Goti linalouma mbele polepole, ukichuchumaa au ukipanda kilima, mara nyingi daktari hulitambua kwa kuuliza na kwa kushika. Tena, mashine inaweza kuonyesha gegedu lililolika kwa mtu asiyeumwa hata kidogo! Kwa hiyo picha ni shahidi mmoja tu. Mgonjwa naye lazima asikilizwe.

Tufanye nini?

Kwanza, tuimarishe misuli ya paja, maana ndiyo inayoiongoza pia. Lala chali, kunja mguu mzima, nyoosha ule unaouma. Kaza paja, inua mguu kiasi cha sentimita 30, hesabu mpaka 5, ushushe taratibu. Fanya mara 10, kila siku, kwa majuma kadhaa. Maumivu yakizidi, acha, umwone mganga wa zahanati.

Pili, usingoje nyumbani kama goti limevimba ghafla baada ya kuanguka, limekwama, halikubali kukanyagiwa, au ni la moto na una homa. Nenda siku hiyo hiyo.

Tatu, ukipigwa picha, uliza: "Daktari, picha hii imeangalia mfupa au gegedu? Pia yangu imekaa mahali pake?" Kuuliza si utovu wa adabu. Goti ni lako.

Nne, tusimcheke mwenzetu kwa sababu eti picha haikuonyesha kitu.

Jadilianeni darasani:
1. Kwa nini gegedu halionekani kwenye eksirei?
2. Katika kijiji chetu, nani anaumwa goti na hajasaidiwa? Tumsaidieje?

Asiyejua kusoma, msomee. Kwaherini.