Maji Yaingiayo kwa Juu

Mtu akiambiwa ya kuwa mashua yake yavuja, huinama mara moja kutazama mkuku, mbao za chini na pamba ya kalafati. Ni desturi njema, wala siilaumu. Walakini jioni hii nataka kusema nanyi juu ya maji yaingiayo kwa juu, yapitayo pembeni mwa kifuniko cha ngama na katika yale madirisha ya duara yaliyotiwa ubavuni. Maji hayo huja tone kwa tone, na kwa kuwa ni machache, mwenye chombo huweka kikombe chini yake, akaenda zake kulala.

Nami nilifanya hivyo. Katika mashua yangu palikuwa na dirisha juu ya kitanda cha nahodha, nalo lilidondosha maji kila masika. Mara tatu nilipaka lami kwa nje, kuizunguka shaba yake, na mara tatu maji yakarudi. Mwaka wa nne fundi alitia ncha ya kisu katika taruma lililo chini ya dirisha, nacho kikazama hata mpini. Dirisha lingalitengenezwa kwa siku mbili. Taruma lilinilazimu kung'oa mbao za ubavu mzima.

Basi, kwanza onjeni tone lile. Likiwa la chumvi, limetoka baharini. Likiwa baridi, ni la mvua, na hapo yafaa kuogopa zaidi, maana kuvu iozeshayo mbao hustawi katika maji ya mvua, na chumvi huizuia. Huko Marekani, katika karne ya 19, mafundi wa merikebu za matanga walikuwa wakijaza chumvi katikati ya mataruma ili yasioze.

Pili, msiamini mahali mnapoliona tone. Maji hutembea juu ya ubao, yakadondokea mbali na yalipoingilia. Mmoja akae ndani na taa, mwingine amwage maji nje kwa mpira, polepole, akianza chini ya dirisha na kupanda kidogo kidogo. Akianzia juu, maji yatateremka na kulowesha kila kitu, wala hamtajua penye kosa.

Penye kosa pakijulikana, ondoeni duara la shaba lote. Najua kazi hii huchukiza. Lakini ubao hufura na kunywea, na shaba haifanyi hivyo. Kwa hiyo kitu kilichopakwa kwa nje hupasuka, kikayafungia maji nyuma yake. Komoeni dawa ya zamani mpaka ubao uonekane, nao ukauke kabisa. Tundu la parafujo lililopanuka lizibwe kwa kijiti cha mbao na gundi, kisha litobolewe upya.

Wazee walitumia risasi nyekundu. Leo siwashauri, kwa kuwa vumbi lake ni sumu. Na mkiikuta ya zamani, ilowesheni kabla ya kuikomoa, mkajifunike pua na kinywa. Tumieni dawa ya kuzibia ibakiayo laini kama mpira. Iitwayo polisulfidi ni njema kwa shaba na mbao, ila huharibu kioo cha plastiki. Silikoni naiogopa kwa sababu moja: mabaki yake huzuia rangi na dawa nyingine kushika. Kazeni parafujo kwa kupokezana, hii na ile iikabiliayo, mpaka dawa itokeze kidogo pande zote, kisha mwache. Kesho yake ndipo mkaze tena. Wenye haraka hukaza kwa nguvu mara ya kwanza, dawa yote ikatoka nje, ikabaki shaba juu ya ubao mkavu.

Kifuniko cha ngama ni jambo jingine. Pakeni chaki juu ya kizingiti chake, kifungeni, kisha kifungueni mtazame ukanda wa mpira. Pasipo na alama ya chaki, ndipo maji yapitapo. Aghalabu mpira hauna hatia. Bawaba imepinda au komeo limelegea. Mpira uliokwisha kushika mfereji usiorudi, huo utupwe, na mpya usipakwe rangi.

Na hicho kizingiti, msikipunguze! Nimeona watu wakikikata kwa msumeno ili magunia yapite upesi. Mapatano ya mataifa ya mwaka 1966 yaliweka urefu wa milimita 600 kwa vizingiti vya meli kubwa penye sitaha iliyo wazi kwa mawimbi. Mashua zetu hazimo katika sheria hiyo, bali wimbi ni lile lile. Kusi ikikilaza chombo, maji yaliyo juu ya sitaha humwagika yenyewe baharini. Yakipata njia ya kuingia ngamani hukaa huko, yakaenda upande ule ule chombo kinakolala, na mabaharia wachache wenye ndoo hawatayawahi.

Kazi ikiisha, rudieni kumwaga maji kwa mpira, na mtu akae ndani na taa yake, kabla hamjapakia hata gunia moja.