Bei Ileile, Fungu Dogo

Msikilizaji, ukipita kwenye genge la Ipuli au Ng'ambo hapa Tabora jioni ya leo, utaambiwa fungu la nyanya ni mia tano, kama siku zote. Usifurahi upesi, hesabu kwanza. Zilizokuwa sita sasa ni nne, na ile nono ya juu imewekwa makusudi kuwafunika wadogo zake. Ukihamia kwenye mkaa, lipindue kopo utazame kitako: kimegongwa nyundo mpaka kimebonyea ndani. Bei haijapanda, na hakuna wa kumlaumu.

Ujanja wa vipimo hapa kwetu una miaka mingi. Misafara ya Bagamoyo kwenda Ujiji ilipotua hapa Unyanyembe, fedha ilikuwa nguo: merikani na kaniki. Shuka mikono minne, doti mikono minane. Mkono wa nani? Mwenye mtama alitaka upimwe mkono mrefu, mwenye nguo akaleta mfupi. Mpagazi naye posho yake ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku. Mwaka 1871, vita vya mtemi Mirambo na Waarabu vilipoifunga njia ya Ujiji, msafiri Stanley alikwama hapa jirani, Kwihara, hadi Septemba, akiwalisha watu wake kwa nguo zilezile alizozitegemea njiani.

Watumishi wanaohamishiwa hapa kutoka Dar es Salaam hupenda kusema maisha ya Tabora ni rahisi. Kwa mwenye mshahara, sawa. Karanga zipo, asali ipo, maembe ya msimu yanaozea chini ya miti, mvua zikinyesha kuna uyoga, na kiangazi kuna michembe na matobolwa ya viazi vitamu. Lakini sukari, sabuni na mafuta ya kula vimepanda gari, na nauli yake anailipa mnunuzi wa mwisho, yule anayenunua mafuta ya kukaangia mboga ya leo tu. Tena mnunuzi huyohuyo, kama ni mpangaji, akinunua umeme wa LUKU anakatwa kodi ya jengo, wakati jengo si lake. Kumdai mwenye nyumba elfu moja na mia tano kila mwezi kunahitaji moyo.

Turudi kwenye kipimo, maana linaloniudhi hasa ni hili. Mkulima wa viazi huko kijijini anadaiwa ajaze lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu, ingawa sheria inakataza. Gunia hilohilo likifika mjini linafunguliwa na kugawanywa mafungu yanayopungua kila wiki. Kijijini kipimo kimevimba, mjini kimesinyaa, na faida imebaki katikati. Wala simlaumu mama wa genge, ambaye naye ameuziwa kwa bei ya juu na ana ushuru wa kulipa.

Wakala wa Vipimo wapo, na halmashauri inakusanya ushuru kila asubuhi. Basi waweke mizani sokoni, na waanzie kule gunia linakojazwa. Najua jibu litakalokuja: mteja wetu ana mia tano tu mkononi, kilo ataiweza wapi? Apimiwe robo, au nusu ya robo. Mbona buchani, hapohapo jirani, nyama tunapimiwa robo na hakuna anayeona ajabu?